Iliyo ya Samli Iitwe ya Samli

Mpenzi msomaji, kabla hujaniuliza mimi ni nani hata nikajitia kuzungumza habari za halua na hali sijawahi kuuza hata kipande kimoja, nakujibu mapema: mimi ni mlaji. Mlaji naye ana haki yake. Aidha ni mpwa wa mpishi, na hilo nalo si haba. Nimezaliwa Mji wa Kale, nyumba yetu iko upande wa Kibokoni, na harufu ya iliki na samli iliyochanganyika na moshi wa kuni niliijua kabla sijajua kusoma irabu. Haya nitakayoyasema yalizua kelele katika mjadala wa Chama chetu muhula wa pili, na kengele ikalia kabla sijamaliza. Mhariri amenipa nafasi hii nimalizie. Nitamalizia, na atakayeudhika aandike mwaka ujao.

Mambo yalianza kwenye posa. Mwaka jana, siku chache kabla ya Ramadhani, nyumbani kulikuwa na wageni waliokuja kumposa mama yangu mdogo. Kwa kawaida siku kama hiyo halua hutoka kwa mjomba, ndugu yake mama, ambaye amepika halua tangu alipokuwa kijana mdogo kuliko mimi. Lakini wiki ile mjomba alikuwa mgonjwa, kiuno kimemshika, na jiko lake limefungwa. Nikatumwa mimi dukani. Nikaona kibandiko kizuri chekundu kimeandikwa kwa herufi kubwa kuwa halua ile ni ya samli, tena asli. Nikalipa bei ya samli. Nikarudi nyumbani mbio, nikaipanga kwenye sinia, nikamwaga lozi juu yake, nikajiona nimemaliza kazi.

Bibi ndiye aliyeionja kwanza, huko jikoni, kabla sinia halijatoka. Akaiweka ulimini, akanyamaza, akapitisha ulimi kaakaani. Kisha akasema, "Hii yaganda kama nta. Samli haigandi hivi." Lakini wageni walikuwa wamekwisha kaa, na kahawa imekwisha miminwa. Sinia likatoka vivyo hivyo. Wageni walikuwa watu wazuri, walikula kidogo kidogo kwa adabu. Ila mzee mmoja wa upande wa bwana harusi alimgeukia babu akamuuliza kwa sauti ya upole kabisa, "Siku hizi halua mwapikisha wapi?" Wallahi, mtu akikutukana matusi ya nguoni huwa nafuu. Babu akacheka kicheko cha kujitia, na bibi huko ndani alisikia.

Duka lile silitaji. Kwanza halimo peke yake, na pili sitaki kumharibia mtu riziki yake kwa sinia moja. Neno langu si kwamba wamepika kwa mafuta ya mboga. Neno langu ni kibandiko.

Pengine wewe msomaji unatoka Kisauni au Likoni, au umeletwa bwenini kutoka bara, na hujui ninazungumzia nini. Basi nivumilie kidogo. Halua ya kwetu si mkate wala si biskuti. Ni wanga, sukari, maji, samli, iliki, kungumanga na zafarani, na ukitaka, marashi ya mawaridi, lozi, korosho au ufuta. Hivyo tu. Ukivitaja vitu hivyo mtu atadhani ni kazi ya nusu saa. Sukari huyeyushwa katika sufuria kubwa la shaba juu ya moto. Wanga huwa umekwisha kukorogwa katika maji pembeni mpaka hauna donge hata moja, kisha humiminwa polepole. Hapo ndipo mwiko unapoanza, nao ukianza hauna ruhusa ya kusimama. Ukiacha kukoroga muda wa kupenga kamasi tu, halua inashika chini, na ikishika chini, harufu ya kuungua inapanda juu na sufuria zima limekwenda. Samli haitiwi yote kwa mkupuo. Hutiwa kidogo, ikanywewa, ikatiwa tena. Mjomba husema halua ina kiu, na mpishi asiyejua kiu ya halua huimwagia ikamtapikia.

Kazi hiyo huchukua saa mbili na nusu, na pengine tatu. Mwanzo ni uji mweupe. Baadaye huwa mzito, ukaanza kung'aa, na rangi ikaingia. Hatimaye halua hubanduka yenyewe ukingoni mwa sufuria, ikawa inazunguka na mwiko kama kitu kimoja, na samli ikajitokeza juu ikimeta. Mjomba hutia tone kwenye sahani, akalibonyeza kwa kidole. Kikitoka kidole kisafi, moto unatolewa. Kisicho kisafi, anaendelea. Hana saa ya ukutani wala kipimo. Nilipomuuliza anajuaje, alinijibu, "Mkono wajua." Jibu hilo wakati ule sikulipenda.

Sasa nielekee Uswisi. Usishangae. Walio katika darasa la Jiografia wanajua kuwa katika mtaala wetu kuna somo la utalii wa Kenya na Uswisi, tukalinganisha fukwe zetu na mbuga zetu na milima yao ya theluji. Mwalimu wetu, Mungu ampe afya, hakutaka tukariri tu. Alitueleza kuwa watu wa kule kiangazi hupandisha ng'ombe milimani kufuata majani mabichi, na baridi ikikaribia huwateremsha. Na huko juu hutengeneza jibini. Wengi tulicheka, maana jibini tuijuayo wengi wetu ni ile ya mkebe inayoletwa na jamaa wakirudi Arabuni. Mimi nikaenda maktabani, na baadaye kwenye intaneti, nikasoma habari za kijiji kimoja kiitwacho L'Etivaz, katika jimbo la Vaud.

Jibini ya L'Etivaz hutengenezwa kuanzia tarehe 10 Mei hadi tarehe 10 Oktoba tu, wakati ng'ombe wako juu, katika mwinuko wa baina ya mita 1,000 na 2,000. Maziwa hayachemshwi kwanza kuua vijidudu, hutumiwa mabichi. Hupashwa moto katika sufuria kubwa la shaba. Na moto wenyewe, shikilia kofia yako, ni wa kuni. Nilipofika hapo nilicheka peke yangu, mkutubi akanitazama kwa jicho. Shaba, kuni, na mtu anayetokwa jasho anakoroga! Nikamwona mjomba amevaa koti la baridi.

Lakini lililonishika zaidi si sufuria. Katika miaka ya 1930 wenye kijiji kile na jirani zao waliona kuwa kanuni zilizokuwapo za jibini zinawaruhusu watu kulegeza kazi, na ubora unashuka. Wakajitoa katika mpango uliokuwapo. Mwaka 1932 wakaunda ushirika wao wenyewe, na mwaka 1934 wakawa na ghala la kwanza la kukomazia jibini yao. Hawakuwa matajiri. Walikuwa wafugaji wa mlimani. Ilipofika mwaka 2000, jibini ya L'Etivaz ikawa bidhaa ya kwanza ya Uswisi, ukiacha mvinyo, kupewa ulinzi wa jina la asili. Maana yake ni kwamba kuna daftari la masharti: imetengenezwa wapi, lini, kwa maziwa gani, kwa moto gani, imekomaa siku ngapi, na siku hizo si chini ya 135. Ukitimiza, unaliandika jina. Usipotimiza, jibini yako ni halali, uza upendavyo, kula na wanao, lakini itafutie jina jingine.

Hayo ndiyo niliyoyasimamia katika mjadala wetu. Nikasema halua ya Mji wa Kale nayo ipate daftari lake. Basi nikapigwa mawe kutoka pande zote.

Wa kwanza alikuwa mvulana wa Kidato cha Tatu, bingwa wa kusema, akasema halua si yetu, ni ya Waarabu wa Omani, na sisi tukiidai tutachekwa. Ukumbi ukapiga makofi. Kweli jina lenyewe ni la Kiarabu, lina maana ya utamu, na Omani halua ni kitu kikubwa, mgeni haingii nyumba akatoka bila ya kuonjeshwa. Kweli pia kuwa Waomani waliiteka Ngome ya Yesu mwezi Desemba 1698 baada ya kuizingira tangu Machi 1696, wakakaa, wakaoa, wakazaa, na hapo kale majahazi yakija na kaskazi yakirudi na kusi. Mimi sikatai. Lakini namuuliza ndugu yangu yule: muhogo anaokula kwa nazi umetoka wapi? Na mahindi ya ugali wake? Vyote viwili asili yake ni bara la Amerika. Mbona hamwambii mama yake amsongee ugali wa Kimarekani? Kitu kikikaa kwa watu, wakakitia mkono wao na ndimi zao, wakakilia katika posa na harusi na Idi na Maulidi, kimekwisha hamia. Isitoshe, sisemi tuwanyang'anye Waomani. Nasema halua ya Mombasa, ipikwayo Mombasa. Omani wana yao, Zanzibar na Pemba wana yao, Lamu wana yao, na kila mmoja hukwambia ya kwake ndiyo halua.

Na hapa nitie neno dogo. Mwezi Desemba 2023 kikao cha UNESCO kilichofanyika Kasane, nchini Botswana, kiliuandika msimu wa malisho ya milimani wa Uswisi katika orodha ya urithi wa utamaduni. Katika kikao hicho hicho kiliandikwa chakula kiitwacho harisi, kwa maombi ya Omani, Falme za Kiarabu na Saudia. Msomaji wa Mombasa, harisi hiyo unaijua. Ni ngano na nyama vilivyopondwa vikashikana, ukamwagiwa samli juu. Ni ndugu wa bokoboko letu! Bibi nilipomweleza alisema tu, "Basi vyema," akaendelea kupeta mchele. Mimi ndiye niliyekosa usingizi.

Wa pili kunipinga alikuwa rafiki yangu wa dawati moja, naye alinichoma zaidi kwa sababu alisema kweli. Alisema, "Wewe una mjomba. Sisi kwetu samli hatuioni. Hiyo halua ya mafuta unayoitukana ndiyo tunayokula Idi." Nilikaa kimya muda mrefu kuliko inavyofaa katika mjadala. Ni kweli. Halua ya samli bei yake humshinda mtu wa kibarua, na mtoto wa kibarua naye Idi ni yake. Kwa hivyo naomba nieleweke, maana siku ile kengele ilinikatiza hapa hapa: sitaki halua ya mafuta ipigwe marufuku. Ipikwe, iuzwe, iliwe kwa furaha. Iandikwe tu kuwa ni ya mafuta. Tena kibandiko cha uongo humwumiza huyo huyo asiye na kitu, kwa sababu siku anapojinyima, akadunduliza senti zake anunue ya samli kwa ajili ya harusi ya bintiye, anauziwa ile ile ya kila siku kwa bei ya juu. Tajiri hapati hasara sana, yeye hupikiwa kwake.

Walisema pia habari za kisukari. Hapo nakubali na sina maneno mengi. Halua si chakula cha kushiba. Ni kipande cha ncha ya kidole, pamoja na kahawa chungu ya dele, kisha unanyamaza. Anayekula robo kilo peke yake mbele ya televisheni asimlaumu mpishi.

Kuhusu kuni nitawashangaza, maana mimi siapi kwa kuni. Watu wa L'Etivaz wameziandika kuni katika masharti yao na wana sababu zao. Sisi tunaishi kisiwani, nyumba zetu zimebanana hata jirani akipiga chafya unamjibu, na moshi wa jiko unaingia chumba cha mtoto wa mtu. Misitu nayo tumeiona inavyokwisha. Mjomba anasema gesi huchoma katikati ikaacha pembeni baridi, na pengine ana haki, lakini hilo ni jambo la kutafutiwa jiko zuri, si la kufia. Samli siwezi kuiacha. Mkono usiosimama siwezi kuuacha. Kuni naweza. Mjomba akisoma hapa ataninunia, naye najua atasoma, kwa sababu nitamsomea mwenyewe.

Kuna jambo moja linalonitia hofu, na siku ile sikupata nafasi ya kulisema. Jina likiachwa likalegea sana, halirudi. Huko huko Uswisi, na jirani zao Ufaransa, kuna jibini mashuhuri kuliko ya L'Etivaz, nayo ni Gruyère. Kwao inalindwa. Lakini walipokwenda Marekani kutaka jina hilo liwe lao, mahakama ya rufani ilikataa mwezi Machi 2023, ikasema kwa Wamarekani neno hilo limekwisha kuwa jina la aina ya jibini, popote iliposhushwa. Wenyewe walichelewa. Jina lilikwisha enea midomoni mwa watu na kwenye vibandiko vya wengine miaka mingi. Sasa angalia kwetu. Tangu treni ya SGR ianze mwaka 2017, abiria hapandi Miritini kurudi Nairobi bila ya mfuko wa halua, achari na vibanzi vya muhogo. Halua imekuwa ndiyo salamu za Mombasa. Mtu wa Nairobi ambaye hajawahi kula nyingine, ile aliyoletewa ndiyo Mombasa yenyewe. Akiletewa nta, atasema Mombasa wanakula nta. Na kesho akitokea mwenye mashine huko bara akapika tani kwa siku, akabandika picha ya Ngome ya Yesu juu ya kasha, nani atamzuia? Kwa hoja gani, maadamu sisi wenyewe tulitangulia kudanganya?

Watu hudhani sheria haipo. Ipo. Katiba yetu ya mwaka 2010, Kifungu cha 11, inautambua utamaduni kuwa msingi wa taifa. Mwaka 2016 ilipitishwa sheria ya kulinda maarifa ya jadi. Sheria ya alama za biashara nayo inaruhusu kikundi kusajili alama yao ya pamoja. Hata Mji wa Kale wenyewe, kuta zake na milango yake ya kuchongwa, umetangazwa kuwa eneo la kuhifadhiwa tangu mwaka 1990, na ukitaka kubomoa dirisha la mbao uweke la kioo utaulizwa. Ni vyema. Ila mimi naona ajabu kuhifadhi mlango kisha kinachopikwa nyuma ya mlango kikaachwa kijifie. Mlango hauliki.

Kinachokosekana si sheria. Wapishi wenyewe hawajakaa kitako pamoja. Nimezunguka, msomaji, kuanzia Kibokoni hadi Kuze na Bondeni, nikawauliza watu wazima wanaoijua kazi hii. Kila mmoja alinipokea vizuri, akanikalisha, akanionjesha, kisha akaninong'oneza kuwa yule mwenzake wa mtaa wa pili haijui halua. Kila mmoja! Wale wa L'Etivaz nao sidhani walikuwa malaika, lakini mwaka 1932 walikaa.

Na kabla hawajakaa, sisi wa Chama tuna kazi ambayo haihitaji ruhusa ya mtu. Mwaka 2021 Kenya iliandikwa na UNESCO katika rejista ya mifano mizuri ya kuhifadhi urithi kwa sababu ya kazi yake juu ya vyakula vya asili. Na kazi hiyo ilihusisha wanafunzi wa shule za msingi, miongoni mwa Waisukha wa magharibi na Wapokot wa Mashariki, waliojifunza kwa wazee vyakula vya kwao na mapishi yake, yakaandikwa. Shule za msingi! Sisi tuko Kidato cha Nne, tunashinda mashindano ya ushairi, tuna kabati zima la vikombe, na hatujaandika hata ukurasa mmoja juu ya sufuria lililo hatua mia mbili kutoka lango la nyumbani kwetu. Sitaki tuandike vipimo tu. Vipimo vya halua unavipata popote. Nataka tuandike yale ambayo mjomba huyaita "mkono wajua". Mkono unajua nini? Samli inatiwa mara ngapi, na baada ya ishara gani? Sauti ya mwiko inabadilikaje halua inapokaribia? Maana inabadilika, mimi nimesikia. Mwanzo hunong'ona, mwisho hupiga kama nguo mbichi ikipigwa juu ya jiwe.

Nimesikia kwa sababu nimekuwa nikikaa pale. Na hapa ndipo penye donda langu, nalo nimeliweka mwisho kwa kuwa lina aibu kidogo ya nyumbani.

Mjomba ana watoto wawili wa kiume. Mmoja yuko Doha, analinda mlango wa hoteli. Wa pili anaendesha tuktuk, na usiku akirudi hana hata nguvu ya kuvua viatu. Wote wawili walijaribu kupika, wote wawili waliacha, wala siwalaumu. Kuna siku mjomba alikaa juu ya kigoda chake baada ya kazi, akapiga lile sufuria kwa kucha likalia kama kengele, akasema, "Hili n'talipima kilo. Shaba siku hizi ina bei. Wale wa vyuma chakavu wapita kila Jumanne."

Nikamwambia, "Mjomba, na mimi je?"

"Wewe nini, mamangu?"

"Nifunze mimi."

Akacheka, akanitazama, akaona sicheki. Akasema, "Mwiko huu si wa kusongea ugali, mwanangu. Hii kazi ya moto. Watu watanena nini? Watasema mjomba wake amemtia jikoni mtoto wa watu akaungua mikono, aje asipate mume."

Wavulana wa Chama waliposikia kisa hiki walisema mjomba ana haki, kwamba kupika halua ni kazi ya wanaume tangu hapo. Mimi nawauliza: wanaume hao wako wapi? Wako Doha. Wako kwenye tuktuk. Wako hapa ukumbini wakinipigia kelele, na hakuna hata mmoja aliyenyosha mkono aseme atakwenda kushika mwiko Jumamosi. Kazi ikikosa mwanamume wa kuifanya na mwanamke akaitaka, jibu gani hilo la kuwa bora sufuria liuzwe kwa kilo? Kule milimani familia nzima hupanda na ng'ombe, mke na mume na watoto. Bibi yangu mwenyewe ndiye aliyeijua nta kwa ncha ya ulimi, kabla ya mwanamume yeyote katika nyumba ile. Ulimi ukiwa na elimu ile, mkono umekatazwa na nani?

Sikumjibu mjomba hivyo, maana ni mjomba wangu. Nilimwambia bibi, na bibi akamwita nduguye... la, akamwita mwanawe, maana kwake mjomba bado ni mtoto, wakafunga mlango. Sikusikia walichosema. Nilimwona mjomba akitoka amekunja uso, akanipita barazani bila ya salamu.

Jumanne mwenye vyuma chakavu alipita akipiga kengele yake, akaenda zake. Jumamosi iliyofuata niliitwa. "Ndoo, na uvae nguo ya mikono mirefu." Amenipa masharti matatu: nisikoroge zaidi ya zamu moja kwa siku, nisiguse samli mpaka aniambie, na nisiwaambie watu. Sharti la tatu, kama uonavyo, nimelivunja, lakini nimevunja kwa ajili ya Kiswahili. Mwiko ni mrefu kunipita, na mzito mno halua inapoanza kushikana. Siku ya kwanza niliweza dakika kumi na moja. Jumamosi iliyopita nimefika ishirini na nne. Natafuta wenzangu wawili wa kupokezana nami, wawe wa kike au wa kiume, na mmoja mwenye hati nzuri wa kukaa pembeni na daftari. Anayetaka anione darasani kwetu kabla ya Ijumaa. Aje amekula, maana mjomba haonjeshi mtu kabla halua haijabanduka.